Boza la Barabara ya Laibon: jinsi bomu la 1998 lilivyochunguzwa

Siku za mwanzo baada ya mlipuko wa Agosti 7, 1998, kitu kilichotiliwa shaka kuliko vyote nje ya Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam kilikuwa boza la maji. Lilikuwa langoni dakika ile ile bomu lilipolipuka. Tangi lake lilikuwa kubwa kiasi cha kuficha chochote. Mlipuko ulilirusha juu kimo cha ghorofa tatu, likaja kutua limeegemea jengo la ubalozi. Mtu yeyote aliyefika Barabara ya Laibon asubuhi ile angelinyoshea kidole.

Kidole hicho kingekosea. Boza lilikuwa la ubalozi, limekuja na kazi yake ya kila siku, na ndilo lililolizuia gari la bomu lisiingie ndani ya geti. Waliokuwa nalo walikufa wakiwa kazini. Kesi nzima ya Dar es Salaam ingeweza kuharibika hapo hapo kama wapelelezi wangeshikilia dhana ya kwanza. Nataka tuone jinsi walivyotoka kwenye boza wakalifikia lori lenyewe, kisha wakatoka kwenye lori wakawafikia watu. Nairobi, ambako bomu pacha lililipuka muda ule ule, palikuwa na watu wawili wa kuhojiwa mapema. Mohamed Odeh alikamatwa uwanja wa ndege wa Karachi siku ile ile, na Mohamed al-Owhali aliruka kutoka kwenye gari la bomu akabaki hai. Dar es Salaam dereva alikufa na bomu lake, na wenzake walikuwa wameondoka au wako mbioni kuondoka. Hapakuwa na wa kumuuliza. Ilibidi vyuma viseme.

Vyuma husema hivi. Gari lililobeba baruti halibaki gari. Sehemu iliyokuwa karibu na baruti hupasuka vipande vidogo, kingo zake hujikunja, uso wake hutoboka vishimo kama umepigwa na mvua ya changarawe za moto. Vipande hivyo huruka mbali sana, hadi juu ya mapaa na kwenye miti ya majirani. Kitu kilichosimama pembeni huumia kwa namna nyingine: hubonyea upande mmoja, ule uliotazama mlipuko, na hata kikirushwa bado kinatambulika. Boza lililorushwa kimo cha ghorofa tatu na bado likatambulika kuwa boza limekwisha kujitetea lenyewe. Alichotakiwa kufanya mpelelezi ni kulisikiliza, kisha kutafuta gari lingine ambalo halionekani popote, kwa sababu lisiloonekana ndilo lililobeba.

Ushahidi wa pili ni shimo. Mlipuko mkubwa wa juu ya ardhi huchimba shimo pale pale bomu lilipokuwa, na mishale ya uharibifu huelekea huko kutoka pande zote: nguzo zilizoinama, kuta zilizosukumwa, vioo vilivyomwagika. Ukiifuata mishale hiyo kinyumenyume, inakutana sehemu moja. Tume ya uwajibikaji iliyoongozwa na Admirali William Crowe ilieleza kwamba bomu lililipuka saa 4:39 asubuhi, futi 35 kutoka ukuta wa nje wa jengo, yaani karibu mita 11. Umbali huo ni mdogo, lakini nguvu ya wimbi la mlipuko hushuka haraka mno kadiri unavyosogea. Ukiongeza umbali mara mbili, shinikizo halipungui kwa nusu tu, hupungua mara kadhaa. Mita hizo 11, pamoja na mwili wa boza uliomeza sehemu ya nguvu ile, zinaeleza kwa nini jengo la Dar es Salaam liliharibika vibaya lakini halikuporomoka. Watu 11 waliuawa na 85 kujeruhiwa. Nairobi, ambako gari lilifika nyuma kabisa ya ubalozi katikati ya majengo yaliyobanana, waliuawa watu 213 na maelfu wakaumia. Siandiki hivyo kuupunguza msiba wetu. Hakuna Mmarekani aliyekufa Dar es Salaam. Waliokufa ni walinzi na watu waliokuwa kwenye shughuli zao.

Kazi ya kuokota vyuma hivyo ni ya taratibu na ya kuchosha. Eneo hugawanywa kwa kamba, kila kipande kinaandikiwa mahali kilipookotwa, udongo unachekechwa, pamba safi inapitishwa juu ya vyuma ili kuchukua mabaki ya baruti yasiyoonekana kwa macho. Kipande kilichookotwa bila kuandikwa mahali pake kinapoteza nusu ya maana yake, na kikipita mikono mitatu bila saini, wakili wa utetezi atakimaliza mahakamani. FBI ilituma watu zaidi ya 900 kwa kesi hizi mbili, na kwa wakati ule hawakuwahi kupeleka wengi kiasi hicho nje ya nchi yao. Kazi ilifanywa pamoja na Jeshi la Polisi la Tanzania, chini ya IGP Omar Mahita.

Sisi wa Ukonga na Gongo la Mboto tunajua upande wa pili wa jambo hili. Usiku wa Februari 16, 2011, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Gongo la Mboto, mabomu yaliangukia kwenye nyumba za watu, na agizo lilikuwa moja: usishike, toa taarifa. Lile lilikuwa agizo la kuokoa maisha. Katika uhalifu kama wa 1998 agizo hilo hilo huokoa pia ushahidi. Chuma kilichookotwa na mtoto na kupelekwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu kinaweza kuwa ndicho chenye namba.

Mlipuaji wa 1998 alisahau jambo moja, au alilidharau: bomu lake lilijengwa kwa bidhaa za mjini. Gari lilikuwa Nissan Atlas la mwaka 1987, lori dogo lenye bodi la friji, lililonunuliwa mtumba hapa hapa Dar es Salaam katikati ya 1998. Ndani ya bodi, pamoja na TNT, iliwekwa mitungi ya oksijeni na asetilini, ile ile anayotumia fundi wa kuchomelea geti. Mizigo ilihamishwa kwa Suzuki Samurai iliyonunuliwa hapa mjini. Nyumba ya kuandalia ilipangwa Ilala, yenye ukuta na ua wa kutosha kuegesha lori bila jirani kuona. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kilikuwa na mtu aliyekiuza au kukipangisha, mtu aliyeuona uso, aliyehesabu noti, pengine aliyelalamika juu ya bei.

Kwangu mimi, kiini cha upelelezi wa Dar es Salaam kiko hapa, na ndicho kinachosahaulika watu wanapozungumza kuhusu maabara za Marekani. Maabara inaweza kusema kipande hiki kilikuwa cha Nissan Atlas na kwamba kina mabaki ya TNT. Haiwezi kusema nani alilinunua. Anayeweza kusema hivyo ni dalali wa magari. Maabara itakuambia mtungi ulikuwa wa asetilini. Muuzaji wa gesi ndiye atakayekuambia kijana fulani alikuja na haraka akitaka mitungi kadhaa kwa pamoja. Kutoka kwenye chuma kwenda kwa mtu hupitia dukani, gereji na kwa mwenye nyumba. Majina yaliyotoka huko yalikuwa ya watu wanaojulikana mitaani: Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari aliyepanga nyumba ya Ilala, Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari mwingine, na Sheikh Ahmed Salim Swedan, Mkenya, walionunua lori, na wenzao Fahid Msalam na Mustafa Fadhil.

Kwa Ghailani kulikuwa na kitu kingine kidogo chenye uzito mkubwa. Wapelelezi walipopekua nyumba aliyokuwa akikaa Dar es Salaam, ndani ya kabati alilokuwa akilitumia walikuta kiwashio cha umeme cha kulipulia, na nguo zenye mabaki ya baruti. Mwenyewe alikuwa amekwisha kupanda ndege Nairobi kwenda Karachi siku moja kabla ya mlipuko. Tarehe ya safari nayo ni ushahidi wa mazingira. Peke yake haithibitishi kitu, maana watu husafiri kila siku. Ikiwekwa pamoja na lori, mitungi na kabati, utetezi unaanza kukosa pa kusimama.

Khalfan Khamis Mohamed hakupanda ndege. Alisaidia kusaga TNT na kupakia lori, na asubuhi ya Agosti 7 alipanda na dereva Mmisri sehemu ya njia, kisha akashuka. Siku iliyofuata alianza safari ya nchi kavu kuelekea kusini, akafika Cape Town, akaomba hifadhi kwa jina la Zahran Nassor Maulid na kupata kazi katika mgahawa wa vyakula vya haraka. Aliishi hivyo zaidi ya mwaka. Alinaswa kwa sababu mpelelezi wa FBI aliyekuwa akipitia picha za waomba hifadhi aliutambua uso wake. Alikamatwa Oktoba 5, 1999, akatoa maelezo marefu. Kilichoyapa nguvu maelezo hayo ni kwamba yalikutana na vitu: nyumba ilikuwapo na mwenye nyumba alikuwapo, Suzuki ilikuwapo na karatasi zake. Maelezo ya onyo yasiyokutana na kitu chochote ni maneno tu, na polisi wa nchi zetu wanapaswa kulizingatia hilo kuliko wanavyolizingatia sasa.

Mei 2001 mahakama ya New York ilimtia hatiani pamoja na wengine watatu. Mwezi huo huo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba kumkabidhi kwa Marekani bila ahadi kuwa hatauawa ilikuwa kuvunja katiba. Jopo la raia halikuafikiana juu ya kifo, na Oktoba 18, 2001 alihukumiwa kifungo cha maisha. Utaratibu uliorukwa Cape Town ulirudi kuhojiwa, na ulistahili kuhojiwa.

Kwa Ghailani somo ni kali zaidi. Alikamatwa Pakistan Julai 2004. Badala ya kupelekwa mahakamani aliwekwa kwenye mahabusu za siri za CIA, kisha Guantanamo mwaka 2006, na New York mwaka 2009. Mashtaka yalikuwa 285. Waendesha mashtaka walikuwa na shahidi mmoja mkubwa: mtu aliyekuwa tayari kueleza kwamba ndiye aliyemuuzia TNT. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo Oktoba 2010, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha Ghailani mikononi mwa CIA. Mwezi uliofuata jopo lilimwachia kwa mashtaka 284 na kumtia hatiani kwa moja, la kula njama ya kuharibu majengo ya serikali ya Marekani. Kwa hilo moja alipewa kifungo cha maisha, Januari 2011.

Wapo waliosema jaji aliikwamisha haki. Naona kinyume chake. Ukitoa kila kilichopatikana kwa kumtesa mtu, kilibaki nini? Kilibaki kilichopatikana kwa kazi halali Dar es Salaam mwaka 1998: lori, mitungi, kiwashio kabatini, mashahidi waliosafiri kutoka hapa hadi Manhattan kusema walichokiona. Hicho ndicho kilichosimama. Kilichoanguka ni kile kilichofunguliwa kwa mateso miaka kadhaa baadaye, ingawa kinaweza kuwa ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote. Mateso yaliharibu ushahidi wa mauaji ya watu 11 wa Dar es Salaam. Familia zao zilistahili kusikia neno la hatia likitamkwa kwa kila jina, na hazikulisikia katika kesi ile.

Kampala baada ya Julai 11, 2010 inaonyesha namna nyingine ya kufungua kesi kama hii. Mabomu yaliwaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo na mgahawa wa Ethiopian Village. Siku iliyofuata, kwenye klabu ya Makindye, likakutwa bomu ambalo halikulipuka. Hapo wapelelezi walipata kizima kile ambacho Dar es Salaam kilipaswa kuokotwa vipande vipande. Kesi ilimalizika mwaka 2016, na kati ya waliotiwa hatiani alikuwamo Mtanzania. Bomu kukutwa zima ni bahati ambayo huwezi kuipangia. Wapelelezi wa 1998 hawakuipata.

Watu wawili waliokuwa wameshtakiwa hapa nyumbani hawakutiwa hatiani. Mmoja aliachiwa mwaka 2000 na wa pili Mahakama Kuu ilimwona hana hatia Desemba 2004. Ushahidi uliokusanywa katika mitaa yetu ulisikilizwa kwa ukamilifu wake ng'ambo ya bahari, kwa wakalimani. Swedan na Msalam waliuawa Pakistan mwanzoni mwa 2009 na hawakuulizwa swali lolote mahakamani.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wanaouza mitungi ya gesi Ukonga, Buguruni na Temeke, kwa madalali wa magari, kwa wenye nyumba wanaochukua kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo: andikeni. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya chesisi, tarehe. Daftari la shilingi elfu mbili linatosha. Na kwa polisi watakaokuja kuliomba daftari hilo siku moja: mchukulieni mwenye nalo kama shahidi, msimchukulie kama mtuhumiwa, ili na jirani yake akubali kusema.