Nyuzi Kumi na Sita

Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ina unene wa nusu milimita tu, kasoro au zaidi kidogo. Mpasuaji anayeipandikiza hukata duara la upana wa milimita 8 hivi, akaweka mahali pake duara lililotoka kwa marehemu. Kisha anashona. Uzi ni wa nailoni, mwembamba kuliko unywele, na sindano haitakiwi kutokeza ndani ya jicho: hupita ndani ya unene wa konea, karibu na chini kabisa, bila kuitoboa hadi mwisho, ikaingia upande wa pili kwa kina kilekile. Uzi wa kwanza hukaa juu, penye namba 12 ya uso wa saa. Wa pili, mkabala wake penye namba 6, ndio mtihani wenyewe. Ukienda kando kidogo, nyuzi zote zitakazofuata zitarithi upogo huo. Zikitimia 16, mafundo huzamishwa yasikwaruze kope.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na uzi uliokazwa mno hufanya vivyo hivyo: hupinda konea, mgonjwa akaona taa moja ikiwa na mikia. Kwa hiyo wapo wapasuaji ambao, kabla ya kumaliza, huinua pini ya nepi juu ya jicho na kutazama jinsi kile kiduara cha mwisho wake kinavyoakisiwa pale kwenye konea. Kikirefuka upande mmoja, kuna uzi wa kulegeza.

Lakini ninachokistahi zaidi ni mwaka unaofuata. Konea haina mishipa ya damu. Ndiyo maana inapitisha mwanga, ndiyo maana mwili huchelewa kumtambua mgeni. Ndivyo daktari wa macho Eduard Zirm alivyofaulu kupandikiza konea katika mji wa Olomouc mwaka 1905, kwa mtu aliyeunguzwa macho na chokaa, wakati hakukuwa na dawa yoyote ya kuzuia mwili usikatae kiungo. Ila pasipo damu kidonda hupona polepole mno. Daktari huondoa uzi mmoja leo, mwingine baada ya miezi, kila mara akipima umbo upya. Uliolegea hauachwi hata siku moja, kwa kuwa hualika vijidudu na mishipa ya damu.

Mgonjwa naye hufundishwa: jicho likiwa jekundu, likiumizwa na mwanga, likiuma, au uoni ukififia, njoo leoleo. Mwili ukianza kukataa, chembe nyeupe huonekana nyuma ya pandikizo, pengine zimejipanga mstari unaosonga mbele. Ukataaji huo ukiwahiwa, matone ya steroidi ya kila saa mara nyingi huuzima. Matone hayohayo hupandisha presha ya jicho na huleta mtoto wa jicho, basi presha hupimwa kila anapokuja.

Mpasuaji Gerrit Melles wa Uholanzi amewaonyesha wenzake namna ya kupandikiza tabaka la ndani pekee, likashikiliwa na kiputo cha hewa bila uzi. Kwa kijana mwenye keratokonasi, ugonjwa unaowapeleka wengi kwenye upasuaji huu nchini Kenya, hilo halisaidii: kilichochongoka ni mwili wa konea wenyewe, na huo bado hushonwa.