Vidole na Zamu: Kukisoma Tena Kitabu cha Tibbetts

Mwaka 1971 Royal Asiatic Society ya hapa London ilitoa tafsiri ya Kiingereza, kazi ya G. R. Tibbetts, ya Kitab al-Fawa'id, kitabu cha elimu ya bahari alichokiandika Ahmad bin Majid wa Julfar mnamo mwaka 1490. Kila kinapotajwa katika mabaraza yetu, mazungumzo huishia pale pale: je, ni Ibn Majid aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498? Wako wanaojivunia, na wako wanaomlaumu kwa kumfungulia Mreno mlango.

Sisi tunaona ushahidi ni dhaifu. Aliyemtaja ni Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika miongo mingi baadaye. Waandishi wa Kireno wanasema mwalimu wa chombo alikuwa Mgujarati. Ugomvi huu umetukosesha lililo kubwa zaidi kitabuni, nalo ni hesabu.

Mabaharia waliligawa duara sehemu 224, kila sehemu wakaiita isba, yaani kidole. Ni kama digrii 1.6. Walipima kimo cha nyota ya Jaha, na kusini ya istiwai, Jaha inapozama, wakapima Farqadani na Na'ashi. Safari waliihesabu kwa zam ya saa tatu, neno tulilo nalo hadi leo: zamu. Chombo kikielekea kaskazini sawasawa, zamu 8, yaani usiku na mchana, huinua Jaha kidole kimoja. Kikienda upande, njia hurefuka, na urefu huo ndio tirfa.

Tumeipiga hesabu hiyo kwa njia ya shuleni. Chombo kikishika katikati ya kaskazini na mashariki, kidole kimoja kinataka zamu 11 na theluthi hivi. Kikielekea mashariki kabisa, nyota haipandi milele. La kustaajabisha ni kuwa kanuni hii ya pembetatu, inayoonekana ya karatasi bapa, inabaki sahihi juu ya tufe, maadamu dira haibadilishwi.

Kasoro iko kwingine. Digrii moja ya mashariki na magharibi ni maili 60 za bahari penye istiwai, 55 Maskati, na 37 tu hapa London. Anayechukua kipimo cha mashariki cha Mombasa akakitumia Maskati bila kukipunguza hukosea sehemu moja katika kumi na mbili. Kusifu bila kusema hivi si kuwaheshimu wazee.

Tibbetts alifanya kazi kubwa, lakini aliwaandikia wataalamu, na tirfa haimfikii msomaji wa barazani. Lawama iliyo kubwa zaidi ni yetu. Sisi tuliosomeshwa Kiarabu na Kiingereza tulifundisha majina na tarehe, tukairuka hesabu kwa sababu ilitushinda. Matokeo yake watoto wetu wanamjua Ibn Majid kwa kosa ambalo pengine hakulitenda, na hawamjui kwa elimu aliyoiandika kwa mkono wake.

Tunaziomba familia zetu jambo moja. Mkikuta sandukuni daftari la nahodha lililojaa tarakimu na majina ya nyota, msilitupe kwa kudhani halina habari. Habari ni zile tarakimu.