Shafti ya Milimita Arobaini

Mwenye karakana anayenunua mashine yake ya kwanza ya CNC huuliza: ni lazima ninunue na programu ya kompyuta ya kuiandalia kazi? Muuzaji atamjibu ndiyo, tena haraka. Mimi ningemwomba kwanza akae karibu na fundi anayechonga mahali pa kukalia beringi.

Tuseme kaletewa shafti ya mashine ya kusaga unga, na beringi yake ni 6208. Tundu la beringi hiyo ni milimita 40, upana wake milimita 18. Ili ikae bila kucheza, shafti inatakiwa izidi tundu kidogo sana: kwa kipimo cha k6, iwe kati ya milimita 40.002 na 40.018. Nafasi yote aliyoachiwa fundi ni mikroni 16. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara kadhaa.

Fundi anasimama mbele ya kioo cha mashine na kuandika mwenyewe. G00, kisu kikimbie hadi karibu na chuma bila kukigusa. Halafu G01 X40.01, ambayo ni katikati ya nafasi yake, Z-18, F0.1: kikate moja kwa moja hadi mwisho wa upana wa beringi, kisu kikisogea sehemu moja ya kumi ya milimita kila shafti inapozunguka mara moja. Mistari kumi na kitu, kazi imeandikwa. Kwa kazi hii, kufungua kompyuta na kuchora kungemchelewesha tu.

Lakini hairuhusu mashine ikimbie. Kwenye jedwali la visu anaongeza 0.3 ili shafti itoke nene kuliko alivyoandika. Anapitisha kisu hewani kwanza, mstari mmoja mmoja, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Ndipo anakata. Mikromita ikisoma 40.32 badala ya 40.31, anajua chuma kimekisukuma kisu nyuma kidogo, kwa hiyo anapunguza 0.31, si 0.3.

Na kabla ya kuisoma hiyo mikromita, anangoja. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Chuma cha unene huo kikiongezeka joto kwa nyuzi 20, hunenepa karibu mikroni 10. Akipima 40.01 kikiwa bado cha moto na kuridhika, kikipoa kitashuka chini ya kipimo na beringi haitakaza inavyotakiwa. Mteja aliyesimama mlangoni anadhani fundi anapumzika.

Kompyuta iliingia kwenye kazi ya kuchonga chuma kwa sababu ya mikunjo. John Parsons wa Traverse City, jimbo la Michigan, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, na umbo la panga huhitaji nukta nyingi mno kuhesabiwa kwa mkono. Mradi ukafika chuo cha MIT, na mwaka 1952 ikaonyeshwa mashine ya milingi inayoongozwa na utepe wa karatasi uliotobolewa. Mwaka 1959 chuo hicho kilitangaza APT, lugha iliyoiachia kompyuta ihesabu njia ya kisu. Wageni waliohudhuria tangazo hilo waliondoka na kisahani cha alumini cha kuwekea majivu ya sigara, kilichochongwa kwa njia hiyo.

Moldi ya chupa ya plastiki ni ndugu wa lile panga. Uso wake umejikunja kila upande, na maelekezo yake hufika maelfu ya mistari. Hapo hakuna ubishi, programu inatakiwa. Hata hivyo programu haioni kibano alichofunga fundi pembeni ya chuma, labda awe amekichora. Anayeweza kuifungua ile mistari na kuona kisu kinashuka wapi ndiye anayeokoa kisu, kibano na spindo.

Kwa hiyo, karakana inayoishi kwa shafti, bushi na nyuzi za bolti inaweza kuanza bila programu. Yenye kazi ya moldi isijaribu. Zote mbili zimfundishe fundi kuandika mistari kwa mkono kabla ya kulipia leseni, na zimnunulie mikromita nzuri.