Kituo ni Maji: Wakamba walivyotembea kati ya Rabai na Kitui

Weka rula kwenye ramani kutoka Rabai, karibu na Mombasa, hadi mji wa Kitui, utapata kilomita 330 hivi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliianza safari hiyo Novemba 1849 akiwa na Wakamba, na kabla mwezi haujaisha alikuwa kwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyejulikana njia nzima. Tarehe 3 Desemba mawingu yakafunguka, akauona Mlima Kenya. Tukimpa siku 25 njiani, na tukikubali kwamba njia ya miguu hainyooki kama rula, wastani hauzidi sana kilomita 15 kwa siku. Asiye na mzigo hutembea kiasi hicho akafika kabla jua halijawa kali. Kwa nini basi watu waliozaliwa njiani walikawia hivyo?

Wastani ndio unaotudanganya. Kulikuwa na siku za kutembea toka alfajiri hadi giza, na siku za kukaa tu kando ya maji, miguu ipoe. Kituo hakikuwekwa pale watu walipochoka, bali pale palipokuwa na maji, na kila maji yalikuwa na tabia yake.

Ukitoka pwani unaingia nyika ya Taru. Huko hakuna mto. Kuna ngurunga, mashimo ya mwambani yanayohifadhi mvua, na kama mvua haikunyesha, shimo ni shimo tu. Mbele kidogo, Maungu, maji yako juu mlimani, kwa hiyo mpagazi aliyechoka hutua mzigo halafu hupanda. Ukifika Kikumbulyu, upande wa Kibwezi, leo Kaunti ya Makueni, mambo hubadilika. Mawe ya volkano ya Chyulu yana vitundu, mvua huzama humo bila kufanya mto, kisha huibuka chini kuwa chemchemi: Umani, Makindu, na kusini zaidi Mzima, ambayo siku hizi hunywesha Mombasa kwa bomba. Baadaye unavuka Athi, mto usiotegemea msimu, unapanda Yatta, ule utando wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300, na kushukia Kitui, nchi ya mito ya mchanga.

Hapa ndipo ujuzi ulipo. Mgeni akiuona mto Tiva wakati wa kiangazi huona barabara pana ya mchanga. Mwenyeji hutafuta mahali ambapo mwamba umekatiza chini ya mto, maana nyuma ya mwamba maji hukwama. Huchimba hadi mchanga ulowe, huchota tope la kwanza na kulimwaga, kisha husubiri maji yachuje yenyewe. Kusubiri huko kunakula saa nzima na zaidi kwa msafara mkubwa, na ni sehemu ya hesabu ya siku. Kina mama wa Kitui bado hufanya hivyo, tofauti ikiwa mtungi wa plastiki na punda. Mchanga ukiondolewa, ghala la maji limeondoka. Ndiyo sababu Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015.

Pengo kati ya maji na maji likizidi mwendo wa siku moja, misafara ya Afrika Mashariki ilikuwa na mbinu iliyoitwa tirikeza. Watu hupumzika na kupika penye maji hadi jua lipinde, hujaza vibuyu, hutembea alasiri yote, hulala pakavu, na alfajiri huondoka ili wafike maji ya pili kabla ya joto. Mwendo wa siku mbili unabanwa kati ya adhuhuri moja na nyingine. Faida yake iko kwenye uzito. Mizigo ilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kilo 16 hivi. Mtu mwenye mzigo katika joto lile anahitaji walau lita nne kwa siku, nazo ni kilo nne. Akibeba maji ya siku mbili, nusu ya frasila imekwenda, na hakuna tajiri wa Mombasa anayenunua maji ya Kitui.

Msimu nao ulihesabiwa. Krapf aliondoka mwaka 1849 wakati wa mvua za Novemba, ambazo Ukambani ndizo za kutegemewa zaidi. Ngurunga zikishika maji, msafara una njia nyingi za kuchagua. Safari yake ya pili, mwaka 1851, ilianza Julai, katikati ya ukavu. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa pale, hata kabla ya mshale wa kwanza: wakati wa ukavu kila mtu hulazimika kufuata maji yaleyale machache, na mnyang'anyi anajua pa kungoja. Agosti, karibu na mto Tana, msafara ulivamiwa na Kivoi akauawa.

Krapf akabaki peke yake, bila kibuyu. Alipofika mtoni alikunywa, akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Vichaka vikazing'oa nyasi zile, maji yakamwagika. Akawa anatembea usiku na kujificha mchana, kiu ikimzidi, mpaka aliposikia nyani wakipiga kelele katika mto mkavu. Akawafuata, akakuta kishimo walichochimba mchangani, na ndani yake maji. Safari hii alimwaga baruti kutoka kwenye pembe yake, akaifunga kwenye leso, na pembe akaijaza maji.