Gari-nyumba Lilale Wapi Napa?

Bonde la Napa, kaskazini mwa San Francisco, ni dogo kuliko sifa zake. Kutoka mji wa Napa kusini hadi Calistoga kaskazini ni kilomita 48 hivi, na hata pale lilipotanuka zaidi upana wake ni kama kilomita 8. Barabara kuu ni mbili tu, Highway 29 upande wa magharibi na Silverado Trail upande wa mashariki, zikiunganishwa na barabara fupi za kukatiza mfano wa vipago vya ngazi. Kwa bonde la kiasi hicho, anayekuja na gari-nyumba huiona kazi ya kuchagua kambi kuwa nyepesi: tafuta iliyo karibu zaidi na viwanda vya mvinyo, lipia, nenda. Hapo ndipo hesabu inapoanza kwenda kombo.

Ukaribu huo una faida kwa mtu atakayekwenda kiwandani na gari alilolalia. Mwenye gari-nyumba hafanyi hivyo, au niseme hapaswi. Kwa hiyo kambi ipimwe kwa swali jingine kabisa: gari likishaegeshwa na kuchomekwa umeme, watu watatokaje hapo bila kuligusa tena mpaka siku ya kuondoka?

Kisa ninachokichambua ni cha marafiki wanne wanaoishi Sacramento. Walikodi gari la futi 29 kwa mwisho wa wiki wa katikati ya Septemba, wakanitupia mimi kazi ya kuwatafutia mahali. Mmoja tu kati yao alikubali kushika usukani. Wote wanne walitaka kuonja.

Hilo la mwisho ndilo lililoamua karibu kila kitu. California, dereva wa kawaida anahesabiwa amelewa kilevi kikifika asilimia 0.08 katika damu, na anaweza kukamatwa hata chini ya hapo akionekana hawezi kuendesha sawasawa. Vyumba vya kuonjea humimina kidogo, tuseme mililita 60 kwa kila aina. Aina tano ni mililita 300, yaani glasi mbili kamili za mezani. Ongeza kiwanda cha pili mchana huohuo, zinakuwa nne. Ndoo ya kutemea ipo, na wanaoonja kwa kazi huitumia bila haya, lakini mtu aliyekuja kupumzika, akalipia mvinyo wa bei ya kule, hautemi.

Na hata dereva angekuwa mkavu kabisa, gari lenyewe lingemkwamisha. Futi 29 ni karibu mita 9, na kwenye magari ya aina hiyo sehemu kubwa ya mwili inachomoza nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukikata kona kwenda kushoto, mkia unatoka kulia, na malango ya viwanda vingi, yenye nguzo za mawe na vinjia vya kuzunguka mti wa mwaloni, hayakujengwa kwa mkia huo. Ndani ya mji wa St. Helena, Highway 29 ina njia moja kwenda na moja kurudi. Jumamosi mchana foleni yake haina huruma, nawe una miadi: kwa kanuni ya kaunti ya mwaka 1990, viwanda vilivyoanzishwa baada ya hapo hupokea waonjaji kwa miadi tu. Anayezubaa barabarani hupoteza nafasi yake.

Kabla ya kulinganisha kambi inafaa kujua kwa nini ni chache. Mwaka 1968 Kaunti ya Napa ilitenga sakafu ya bonde kuwa hifadhi ya kilimo, ya kwanza ya namna hiyo Marekani. Kiwanja hakikuruhusiwa kukatwa chini ya ekari 20, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 40. Mwaka 1990 wapiga kura wakaongeza kufuli: ardhi ya kilimo isibadilishwe matumizi bila idhini yao. Mwaka 2008 wakairefusha hadi 2058. Mwekezaji anayeota kumwaga lami katikati ya mizabibu ya Rutherford na kupanga maegesho 200 ya magari-nyumba hana pa kuanzia. Zilizobaki ni kambi zilizokuta ardhi ambayo tayari ilikuwa ya umma kwa sababu nyingine. Tatu nilizoziweka mezani zote ni za namna hiyo, na kila moja bado imebeba tabia ya kazi ya awali ya ardhi yake.

Ya kwanza, Bothe-Napa Valley State Park, ndiyo ambayo ramani inaipendekeza. Iko kati ya St. Helena na Calistoga, pembeni kabisa mwa Highway 29, ndani ya msitu wenye miti mirefu ya redwood, na ina bwawa la kuogelea. Jimbo lilipotaka kufunga hifadhi kadhaa kwa kukosa fedha, wilaya ya hifadhi za Kaunti ya Napa iliichukua mwaka 2012 na kuiendesha yenyewe. Ni mahali pazuri hasa. Njia ya baiskeli ya Vine Trail, kipande cha St. Helena hadi Calistoga, inapita hapo, na basi namba 10 la kampuni ya umma ya Vine hupanda na kushuka Highway 29 kati ya Napa na Calistoga. Kwa kipimo changu cha kutoka bila gari, Bothe ilianza na alama za juu.

Ikaanguka kwenye futikamba. Kambi za hifadhi za jimbo huandika kikomo cha urefu kwa kila egesho, na egesho la msituni lina mti mbele na mti nyuma. Kikomo si cha kujadiliana na mlinzi. Karatasi ya wenye gari iliandika futi 29. Tulipopima kutoka bampa ya mbele hadi ncha ya kibebea baiskeli, ilisoma 32 na kitu. Hapo kuna kichekesho: faida ya Bothe ni njia ya baiskeli, baiskeli zinataka kibebeo, kibebeo kinarefusha gari, na gari refu halina nafasi Bothe. Unaweza kukodi baiskeli mjini badala ya kuzibeba, lakini egesho la urefu wa kutosha lilikuwa limeshachukuliwa. Nafasi hufunguliwa miezi 6 kabla, na Septemba ni msimu wa kila mtu. Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Napa ina mavuno mamoja, Agosti hadi Oktoba, na wageni wote hujazana humo.

Jambo la pili dhidi ya Bothe ni umeme, kwa kuwa maegesho yake hayana soketi. Wengi husikia hilo wakafikiria joto la usiku. Hilo silo. Usiku wa Septemba upande wa St. Helena hushuka hadi nyuzi 12 au 13, ukafungua dirisha ukavuta blanketi. Tofauti hiyo kubwa ya usiku na mchana ndiyo inayopendwa na zabibu. Shida ni saa tisa alasiri, nje nyuzi 32 au zaidi, gari limefungwa, watu wako kwenye miadi, na chini ya meza kuna katoni ya chupa zilizonunuliwa jana. Ndani ya gari lililofungwa joto hupita nyuzi 50 kwa muda wa saa moja. Mvinyo unatanuka, unasukuma kizibo, na ukipitisha kidole juu ya kifuniko cha chupa unahisi kimeinuka. Mvinyo huo umeshapikwa, na chupa moja huenda ilizidi bei ya kulala usiku mzima kambini.

Jenereta inaruhusiwa katika hifadhi za jimbo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku, kwa hiyo kwenye karatasi inafunika saa za joto. Lakini nani ataacha jenereta ikinguruma msituni, mwezi wa moto, wakati wenyewe hawapo? Paneli za jua nazo hazipati jua chini ya redwood. Anayelala Bothe mwezi huo ni bora akiambie kiwanda kimtumie chupa nyumbani kwake.

Kwenye egesho lenye umeme hesabu hubadilika, ingawa si bila mipaka. Soketi ya kawaida kwa gari la ukubwa huu ni ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600. Kiyoyozi cha paani hula ampea 13 au zaidi kikiwa kinafanya kazi, na kinapoanza huvuta kuzidi hapo. Maikrowevu hula nyingine 12 au 13. Ukiongeza chaja ya betri na friji, swichi inaruka. Kanuni niliyowapa ni kwamba kiyoyozi kikiwaka, maikrowevu inasubiri.

Skyline Wilderness Park sitakaa nayo sana. Iko kusini-mashariki mwa mji wa Napa, kwenye ekari 850 zilizokuwa sehemu ya ardhi ya hospitali ya akili ya jimbo, na inaendeshwa na chama cha wananchi. Ina maji na umeme, ina vilima vya kupanda na mandhari ya kuburudisha. Kwa familia yenye watoto na buti za kutembelea ningeichagua kwanza. Kwa wanne hawa, kila kutoka kungehitaji teksi, hata kwenda kununua mkate.

Ikabaki Napa Valley Expo, uwanja wa maonyesho wa mji, Third Street. Sura yake haivutii hata kidogo: lami, uzio, mabanda, taa za usiku. Lakini egesho lina maji, umeme na bomba la maji taka palepale, na ukitoka langoni kwa miguu unafika soko la Oxbow kwa dakika kumi hivi. Karibu na soko hilo ndipo inapoanzia treni ya mvinyo, ambayo tangu 1989 hubeba wageni kwenda St. Helena na kuwarudisha, na ng'ambo ya mto katikati ya mji kuna vyumba vya kuonjea kila baada ya hatua chache. Mtu anaweza kuonja mchana kutwa na chombo chake cha usafiri kikawa viatu. Anayefikiria mwisho wa Mei aulize mapema, kwa sababu uwanja huohuo hugeuka jukwaa la tamasha la BottleRock.

Mmoja wao alilalamika kwamba hakutoka Sacramento kuja kutazama uzio. Nilimkubalia kuhusu uzio. Kisha nikamuuliza atakuwa kambini saa ngapi macho yakiwa wazi, akanyamaza. Isitoshe, kulala katikati ya mizabibu kuna kelele ambazo picha hazionyeshi. Wakati wa mavuno zabibu nyingi huchumwa usiku ili zifike kiwandani zikiwa baridi: taa kali shambani, trekta, watu wakiitana, halafu malori alfajiri. Machi na Aprili ni zamu ya feni kubwa za kuzuia jalidi, ambazo huwashwa kabla ya mapambazuko na kunguruma utadhani helikopta imetua nyuma ya choo.

Moto nao ulikuwa na kura yake. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 2017 moto wa Tubbs ulianzia karibu na Calistoga na kwa saa chache ukafika Santa Rosa, ng'ambo ya milima. Tarehe 27 Septemba 2020 ulizuka wa Glass, upande wa St. Helena. Kwa hiyo mwezi huo sipendi kambi ambayo kuiacha kunategemea barabara moja yenye foleni. Kutoka Expo, barabara za kwenda kusini na mashariki ziko karibu. Niliwaagiza waingie kinyumenyume ili pua ya gari ielekee njiani, waache bomba la maji taka likiwa limefungwa hadi siku ya kuondoka, na betri zijae hata kama wamechomeka umeme. Siku za upepo mkavu kampuni ya PG&E hukata umeme yenyewe ili nyaya zisianzishe moto, kama ilivyofanya Oktoba 2019, na soketi ya ampea 30 siku hiyo ni pambo.

Basi wakaenda Expo. Jumamosi walikodi gari dogo lenye dereva wake kwa miadi miwili, Oakville na Rutherford, na Jumapili wakaonja mjini kwa miguu. Gari-nyumba halikuwashwa injini.

Kama tarehe ingekuwa katikati ya Aprili ningegeuza uamuzi wote. Joto halijafika, kwa hiyo umeme hauna uzito. Msimu wa moto uko mbali. Maegesho ya msituni hupatikana kwa urahisi zaidi. Ningewapeleka Bothe na pamba za masikio kwa ajili ya feni, ningekataa kabisa futi 29 na kuwatafutia gari la futi 22, na baiskeli wangekodi hukohuko Calistoga.