Mpiga Gita Asikilizwe Wapi

Mnyuzi ni njia panda ya reli. Hapa njia ya kutoka Tanga kwenda Korogwe na Moshi iliungwa mwaka 1963 na ile ya Ruvu, kwenye reli ya kati. Kandokando yake ni nchi ya mkonge, na mkonge ulivuta manamba kutoka Unyamwezi, Ubena, hata Msumbiji, kila kundi na ngoma yake. Mtoto wa kambi za manamba alilala na ngoma za watu asiojua lugha zao, na mchana redio ikamletea rumba ya Kongo na Kuba. Kwa hiyo mpiga gita wa ukanda huu usimuulize kama ameiga. Ameiga. Muulize alichoiga amekifanya nini.

Wengi hukimbilia solo, na hapo ndipo wanapopotea. Solo ndiyo nyepesi kuiba: kijana mwenye vidole vyepesi na subira ataitoa ya Franco au Dr Nico, wapiga gita wa Kongo, nukta kwa nukta. Wewe tega sikio kwenye rizimu na besi. Mkono wa kulia una ukaidi wake. Hupiga kama mwili ulivyozoea kucheza tangu utotoni.

Ushahidi tunao. Ndugu wapiga gita Wilson na George Kinyonga walianzia Jamhuri Jazz, Tanga, mwishoni mwa reli hiyo hiyo, wakaenda Arusha mwaka 1970, kisha Kenya, walikounda Simba Wanyika. Mwaka 1978 wakaondokewa na Omar Shabani wa rizimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu, walioanzisha Les Wanyika. Wimbo wao Sina Makosa hutambulika kabla mtu hajafungua mdomo. Kinachoutambulisha ni besi inayotembea bila haraka na rizimu inayoijibu. Walioondoka walikuwa wamebeba nusu ya nyumba.

Dalili nyingine ni nafasi. Mwigaji huogopa kimya, hujaza kila upenyo. Rumba ya akina Wanyika haina papara hiyo: gita husema, huacha, saksafoni hupita. Haikimbilii chemko, ile sehemu ya kasi, kama ya Kongo ilivyozoea. Kwangu huo ndio uamuzi wao mkubwa, kwa sababu wakati ule kukimbia ndiko kulikoshangiliwa.

Jina la mtindo lisikudanganye. Atomic Jazz ya Tanga ilikuwa na Kiweka, Western Jazz ikawa na Saboso. Jina lilisaidia kujaza ukumbi. Zima sauti ya mwimbaji kichwani mwako. Kama bado unajua ni bendi gani, mtindo upo.

Msikilize pia mpigaji anapofika mwisho wa sentensi ya gita. Mwigaji huanza kwa kishindo, kisha hutapatapa akitafuta pa kutua, maana santuri aliyojifunzia ilitua kwa mwendo usio wake. Mwenye sauti yake hutua hata akikosea.

Vijana wa Korogwe wanaorekodi leo kwa simu, leteni kazi zenu. Tutaanza na besi.