Siti binti Saad na Wasichana Wanaofoka

Si mara moja tumewasikia wazee wenzetu hapa Mafia wakilalamika kuwa muziki wa kufoka ni wa kigeni, na kwamba msichana anayefoka hadharani amejivunjia heshima. Twapenda kuyapima malalamiko hayo mawili kwa historia yetu wenyewe.

Tuanze na ugeni. Ni kweli kwamba muziki huo ulizaliwa New York, Marekani, katika miaka ya 1970. Lakini taarabu nayo ilitoka wapi? Ililetwa Unguja kutoka Misri enzi za Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ikaimbwa jumbani kwa Kiarabu. Siti binti Saad wa Fumba, mwuza vyungu aliyezaliwa katika ukoo wa watumwa na kuhamia mjini mwaka 1911, ndiye aliyeifikisha kwa umma kwa lugha ya Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri.

Kuhusu heshima, na tuutazame wimbo wake uitwao "Kijiti". Unasimulia kisa cha mwanamke mja mzito, mgeni mjini, aliyeuawa na mtu mwenye jina hilo. Mwuaji alitorokea bara. Waliotiwa hatiani ni wanawake waliokuja kutoa ushahidi, kwa kosa la kununua pombe. Taarabu hupenda mafumbo, lakini hapa Siti aliyaweka kando. Alimtaja mwovu kwa jina na kuilaumu hukumu. Fani imelitii dhamira: dhuluma iliyotendeka waziwazi imesemwa waziwazi. Nani leo atadai kwamba alijivunjia heshima? Shaaban Robert, mshairi wetu mkuu, alimwandikia wasifu.

Zay B na Sista P wa Tanzania, na Nazizi wa Kenya, waliosikika sana mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliingia katika uwanja uliojaa wanaume, wakasema kwa vinywa vyao wenyewe. Hatusemi kwamba kila anayefoka ni Siti. Ziko nyimbo ambazo vina vyake vimelazimishwa na maneno yake ni majigambo matupu. Hizo na zikosolewe bila huruma, kama tunavyolikosoa shairi bovu.

Basi mwalimu asiwafukuze wanafunzi wanaofoka. Awaulize: wimbo huu wasema jambo la nani? Kiswahili chake ni fasaha? Vina vyake vinabeba maana? Iwapo binti wa Kilindoni atafoka juu ya mwenzake aliyeachishwa shule ili aozwe, na tumsikilize kwanza mpaka mwisho, ndipo tuhukumu. Wale mashahidi wa kisa cha Kijiti hawakusikilizwa, na bila wimbo wa Siti tusingalijua habari zao.